Kwa nini Uamuzi wa Busara hausimuliwi sana?

Mwuliza swali, Tabora: Ndugu zangu, wageni huenda Ujiji kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Kwa nini basi vijana wengi hapa hawajui kwamba Januari 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilikutana Tabora, ikafanya uamuzi ulioitwa Uamuzi wa Busara, yaani kukubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, uliomlazimu mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia?

Jibu, Kigoma: Stanley aliiandika safari yake mwenyewe, ndugu yangu. Wazee wetu walisimulia kwa mdomo, nao wanatutoka.

Jibu, Tabora: Ni kweli, lakini mimi huumia zaidi kwamba Zuberi Mtemvu, aliyeupinga uamuzi ule akaanzisha chama cha ANC (African National Congress) cha Tanganyika, hutajwa kwa nadra, ilhali mabishano yale yanastahili kufundishwa.