Vumbi la mbao kwenye karakana ya nyumbani, naanzia wapi kulivuta?

Fundi_Kimara:
Wakuu habari za jioni. Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba huku Kimara, chumba cha mita 4 kwa 5 hivi, natengeneza makabati ya jikoni na vitanda jioni nikitoka kazini na wikiendi. Nina msumeno wa meza, mashine ya kuranda ile ya kushusha unene, na vidogo vya mkononi, msasa wa umeme na ruta ya kuchongea kingo za mbao.

Shida yangu ni vumbi. Jumamosi nilikuwa nakata MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao na gundi, nikazima kila kitu nikaenda kunywa chai, narudi baada ya kama nusu saa nakuta jua limeingia kwenye yale matundu ya juu ya ukuta na ule mwanga wote umejaa vumbi linaelea tu, halijashuka. Niliogopa kwa kweli, maana barakoa nilishavua nikijua kazi imeisha. Na nina mtoto wa miaka 6 ana pumu, mlango wa karakana unatazamana na dirisha la jikoni.

Nimejaribu kufunga vakyumu ya kawaida kwenye mashine ya kuranda, dakika mbili imejaa na mpira umeziba. Sasa nauliza, ninunue ile mashine ya mfuko ya kuvuta vumbi, nitembeze mabomba ya PVC ukutani, au kuna njia nyingine? Umeme wangu ni fezi moja na bajeti sio kubwa.

Randa_Kavu:
Mkuu kwanza tenganisha vitu viwili, maranda na unga. Maranda ya mashine ya kuranda ni mengi na mepesi, yanataka hewa nyingi na bomba pana. Vakyumu inavuta kwa nguvu lakini hewa yenyewe ni kidogo na mpira wake mwembamba, ndio maana imeziba. Hiyo iachie msasa na ruta, huko inafanya kazi vizuri sana. Kwa msumeno na randa tafuta mashine ya mfuko yenye mota ya hospawa 2, ni kama kilowati moja na nusu, fezi moja inaibeba ila ipe soketi yake na waya wake, usiichomeke kwenye ekstensheni moja na randa.

Bomba liwe inchi 4 mpaka kwenye mashine. Watu wanapunguza mpaka inchi 2 wakidhani ndio litavuta zaidi, sio kweli, bomba la inchi 2 uwazi wake ni robo tu ya inchi 4 na hewa ndio inayobeba uchafu. Inatakiwa ikimbie kama mita 20 kwa sekunde ndani ya bomba, chini ya hapo maranda yanalala njiani na ndio mwanzo wa kuziba. Kona tumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90. Ule mpira wenye mikunjo weka kipande kifupi tu mwishoni maana unaiua hewa. Na kila mashine iwe na geti lake, unafungua la mashine unayotumia na mengine yote yamefungwa. Kwa chumba chako mimi hata mabomba mengi nisingeweka, ningeiweka mashine katikati na kuhamisha mpira.

Mama_Mbao:
Naongezea upande wa afya maana naona wengi tunalichukulia poa. Shirika la WHO la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995, hasa ya pua na matundu yake. Mimi nimefanya kazi na mvule miaka mingi, siku hizi nikikata ubao mmoja tu bila barakoa macho yanavimba na kifua kinabana usiku kucha, mwili umeshaukataa kabisa. Mkongo nao unapigisha chafya mpaka unaacha kazi. Kwa hiyo kaka yangu hata ukifunga mashine barakoa usiache, na isiwe ya kitambaa, chukua N95, ile ya kuchuja vumbi jembamba, inayokaa vizuri usoni. Na usivue ukizima msumeno, ulichokiona kwenye ule mwanga ndio kile kidogo kinachofika ndani ya mapafu, maranda yanayoanguka chini hayana shida hiyo. Nguo za kazi vulia hukohuko karakana kabla hujambeba mtoto.

Ndoo_Mbili:
Kabla hujanunua lolote tengeneza saikloni ya ndoo kwa ajili ya vakyumu yako. Hewa inaingia kwa pembeni inazunguka, uchafu mzito unapiga ukuta unadondoka kwenye ndoo ya chini, kwenye vakyumu kunaenda unga kidogo tu. Chujio langu nilikuwa nalikung'uta kila baada ya ubao mmoja, sasa nalikung'uta mara moja kwa wiki. Ila ndoo iwe ngumu! Ya kwanza nilitumia ile nyembamba ya rangi, mpira ukaziba mbele, nikasikia puu! ndoo imebonyea yote kama mtu ameikalia na mfuniko umepasuka. Na mfuniko uzibe kabisa, hewa ikiingia chini ya saikloni hata kidogo uchafu hautulii, unapanda wote juu.

Fundi_Kimara:
Asanteni sana wakuu, dada hilo la mvule limenigusa. @Randa_Kavu ule mfuko wa kitambaa wa juu si unarudisha unga ndani?

Randa_Kavu:
Unarudisha, na ndio ubaya wake mkubwa. Mifuko mingi inayokuja na hizi mashine inashika maranda na kuachia unga mwembamba, yaani unapulizia ndani kile kibaya zaidi. Wenzetu wa nchi za baridi wanalazimika kununua chujio la gharama kwa sababu hewa ya ndani wameipasha moto, wakiitoa nje wanatupa pesa. Sisi Dar tunapasha nini? Toboa ukuta, toa hewa nje. Ila elekeza upande usio na dirisha lako wala la jirani, na weka saikloni kabla ya feni ili kinachotoka kiwe kidogo. Na acha tundu la kuingiza hewa upande wa pili, chumba kikifungwa kote mashine haivuti.

Kuku_na_Mbao:
Moto nao msiusahau. Grenda isitumike karibu na bomba linalovuta, cheche moja ikiingia kwenye pipa la maranda inaweza kukaa inafuka kimyakimya na moto ukatokea usiku mmelala. Pipa limwage kila jioni, nje ya chumba. Mimi maranda yangu wanachukua wafugaji wa kuku kwa kutandika banda, lakini ya mbao safi tu. Ya MDF na mbao za dawa naweka kando simpi mtu, ile MDF ina gundi na unga wake ni mwembamba mno kwa kuku.

Fundi_Kimara:
Wakuu narudisha mrejesho baada ya wiki tatu. Nimepata mashine ya mfuko iliyotumika ya hospawa 2, nimetoboa ukuta wa nyuma unaotazama shamba la migomba, pipa la chuma ndio saikloni. Mfuko nimetoa kabisa. Jana nimeranda mbao 9 za mninga, nikazima, nikasubiri lile jua la saa kumi. Bado kuna vumbi kidogo upande wa msumeno, nadhani linatoka juu ya kisu ambako hakuna mvuto, chini kuko safi. Kuna aliyefunga kifuniko cha juu chenye mpira wake aniwekee picha?

Randa_Kavu:
Ninacho, nimekitengeneza kwa akriliki ili nione kisu. Kesho asubuhi nikifungua karakana nakupigia picha na vipimo.