Voi hadi Taveta kwa siku mbili: medani za vita vya 1914–1916 tuzitembelee vipi?

Pwani_Safarini

Habari zenu wakuu. Tuko wanne, tutatoka Mombasa alfajiri ya Jumamosi moja mwezi wa nane na gari dogo la kawaida, kisha tuna siku mbili tu. Tunataka kufuata njia ya Vita vya Kwanza vya Dunia: Voi, Maktau, Mbuyuni, Salaita, Taveta na Latema. Picha nyingi za Salaita zinaonyesha vichaka juu ya kilima na basi. Je, kuna kitu cha kuona kweli pale? Gari dogo litafika? Ni lazima kuwa na mwenyeji wa kutuongoza?

Kitako_cha_Kilima

Kipo, ila wengi hukipita. Wanafika saa sita mchana, wanapanda moja kwa moja hadi kileleni, wanakuta mawe na miiba, wanapiga picha ya Kilimanjaro na kushuka. Mahandaki wameshayavuka bila kujua, kwa sababu yako chini, kuzunguka kitako cha kilima.

Kosa la aina hiyohiyo liliua watu tarehe 12 Februari 1916. Jenerali Malleson wa upande wa Waingereza alikuja na askari kama 6,000. Mizinga yake ikapiga kilele, kumbe askari wa jeshi la Wajerumani, wengi wao Waafrika, walikuwa chini ndani ya mahandaki yaliyofichwa na vichaka, wala hawakuguswa. Brigedi ya Afrika Kusini ilipojaribu upande wa kaskazini ilipokewa na bunduki za rashasha, kisha singe. Ikarudi nyuma kwa vurugu. Waliosimama imara na kuikinga isimalizwe ni Baluchi wa 130, kikosi kutoka India.

Kwa hiyo msianze kwa kupanda. Fikeni saa moja asubuhi, mzunguke kitako kwanza. Jua likiwa bado chini, kivuli hulala ndani ya mtaro na mstari wake unajichora wenyewe. Ikifika saa tano mwanga unatoka juu, ardhi yote inakuwa bapa machoni, na mtu anaweza kusimama juu ya handaki akaulizia liko wapi.

Msitarajie shimo la kumficha mtu mzima. Mvua za zaidi ya miaka 100 zimerudisha udongo ndani. Mengi sasa ni mifereji mifupi kwa kina. Namna ya kulitofautisha handaki na korongo la maji: korongo hushuka na mteremko, handaki huukata mteremko kwa ubavu. Korongo halina tuta. Handaki lina tuta la udongo na mawe upande unaomtazama adui. Tena handaki haliendi mstari mmoja, limevunjwavunjwa kona, ili kombora likitua sehemu moja vipande vyake visiwafyeke wote waliomo.

Mkishaona hivyo ndipo mpande. Juu, tazameni mashariki kuelekea Mbuyuni, mtaelewa washambuliaji walitembea umbali gani bila kivuli wala maji.

Mwezi wa nane ni mzuri. Nyasi zimekauka na kulala. Machi hadi Mei majani hufunika kila kitu na udongo unanata.

Reli_Kongwe

Mkuu hapo juu amemaliza habari ya Salaita. Mimi naongezea njia, maana watu hukimbilia Salaita wakaacha sababu ya vita kupiganiwa pale. Sababu ni maji na reli.

Wajerumani waliichukua Taveta tarehe 15 Agosti 1914, siku 11 tu baada ya Uingereza kuingia vitani. Kuwatoa kulihitaji kuvuka nyika kavu kutoka vilima vya Taita hadi Mto Lumi. Ndiyo maana Waingereza walijenga reli kutoka Voi, ikafika Maktau Juni 1915, na wakavuta bomba la maji kutoka vilima vya Bura. Kila kambi mtakayopita ilikuwa mahali reli na bomba vilipofikia wakati huo. Julai 14, 1915 walijaribu kuichukua Mbuyuni wakashindwa. Waliipata Januari 1916 tu, na mwezi uliofuata ndipo Salaita.

Basi fuateni mpangilio uleule, mashariki kwenda magharibi. Mombasa hadi Voi ni kilomita 150 hivi. Voi hadi Taveta ni kama 110, lami tupu, gari dogo halina shida. Siku ya kwanza: makaburi ya Voi, Maktau, Mbuyuni bila kukaa sana, mlale Taveta. Siku ya pili Salaita alfajiri (mnarudi nyuma kilomita chache tu), halafu makaburi ya Taveta, halafu Latema. Mkigeuza mpango huo mtafika Salaita jua la utosi na siku imeharibika.

Voi tafuteni kaburi la Luteni Wilbur Dartnell wa jeshi la Waingereza. Alijeruhiwa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915, akakataa kubebwa ili abaki na majeruhi wenzake wasije wakauawa ovyo. Aliuawa. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Maktau yenyewe kuna makaburi ya askari wa Kihindi, na wageni wengi huyapita mbio.

Reli ya zamani mtaiona mara kwa mara kando ya barabara. Simameni mahali penye nafasi ya kutoka kabisa nje ya lami. Malori ya mpakani hayapunguzi mwendo.

Gari: lami haina neno, ila vijia vya kuingia kwenye vilima vina mchanga na miiba ya migunga inayotoboa tairi ubavuni, na hapo kiraka hakishiki. Bebeni tairi la akiba lenye upepo, si lile mlilosahau kwenye buti tangu mwaka juzi. Maji lita 3 kwa kila mtu kwa asubuhi ya Salaita peke yake.

Pwani_Safarini

Asanteni sana. Na ule mbuyu wa mdunguaji karibu na Salaita? Tena tumeambiwa jina Salaita limetokana na neno la Kiingereza la machinjo.

Wabeba_Mizigo

Mbuyu upo na kusimama pale ni halali yenu. Habari ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani yake akidungua askari ni simulizi ya wenyeji. Isikilizeni kama simulizi. Hiyo ya jina nayo ni vivyo hivyo. Ombi langu: msichokoe matundu ya gome kutafuta risasi. Kila mgeni akichokoa kidogo, tundu linapanuka, na baada ya muda hakuna atakayejua lipi la risasi na lipi la kisu.

Vilevile maganda ya risasi, vipande vya chupa na mabati ya makopo mtakayoona chini: pigeni picha, acheni palepale. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inalinda vitu vya kale, na zaidi ya sheria, ganda likiwa mahali pake linaonyesha mpigaji alikaa wapi akilenga wapi. Likiwa mfukoni mwako ni chuma tu. Kitu kizima chenye umbo la kombora msikiguse kabisa. Tieni alama mahali, toeni taarifa polisi.

Kuhusu makaburi, angalieni tarehe. Taveta zinajirudia mbili: Februari 12, na Machi 11 hadi 12, yaani Salaita na Latema. Kisha jiulizeni wapagazi wako wapi. Waliobeba maji, risasi na chakula kwa vichwa walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa maradhi na njaa, na karibu wote hawana jiwe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Kwenye safari hii hakuna kituo chao, kwa hiyo watajeni nyinyi, hasa mkiwa na vijana kwenye gari.

Mlango_wa_Latema

Mwenyeji wa kuwaongoza: ndiyo, mchukueni. Sababu ya kwanza ni ndovu, wanavuka kutoka Tsavo Magharibi na hawana ratiba. Ya pili, sehemu kubwa ni ardhi ya watu na ya ranchi, kuingia bila hodi ni kukosa adabu. Muulizeni kabla ya kukubaliana bei: mahandaki ya Salaita yako wapi? Akisema kileleni, tafuteni mwingine. Saa kumi na moja jioni muwe barabarani. Viatu vya kufunika, na msitie mkono chini ya jiwe, kuna vifutu.

Salaita haikuanguka kwa kushambuliwa. Machi 8 wapanda farasi wa van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini upande wa Waingereza, walizunguka upande wa Chala, na Machi 9 mahandaki yakakutwa matupu. Kwa hiyo pandeni ukingo wa Ziwa Chala kaskazini mwa Taveta mkaone njia hiyo. Kuogelea hapana, lina mamba.

Latema na Reata ni vilima viwili na mlango katikati, magharibi mwa mji. Vita vilikuwa vya usiku, Machi 11, na Kanali Graham wa KAR ya tatu (King's African Rifles, askari wa Kiafrika wa Waingereza) aliuawa hapo. Chagueni kilima kimoja. Viwili kwa asubuhi moja hamviwezi.

Mkiamua kuvuka mpaka wa Holili kuingia Tanzania kwenda kwenye makaburi ya Moshi: pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, cheti cha homa ya manjano, bima ya COMESA ya gari. Msipige picha kituo cha mpaka. Na simu zenu zikikaribia Taveta zitarukia mtandao wa Tanzania zenyewe, kwa hiyo zima data ya nje na uchague mtandao kwa mkono kabla ya Salaita.