MGB beringi za mbele: hiki kibomba cha katikati ni lazima?

Chuma_Kizee:
Wakuu habari zenu. Nina MGB ya 1970 (kale kagari ka michezo ka Kiingereza), rimu za spoku, nimefungua mbele nibadilishe beringi maana upande wa kulia ulikuwa unalia kama mashine ya kusaga. Sasa kilichonichanganya, huo wa kulia kati ya beringi ya ndani na ya nje kuna kibomba cha chuma, halafu mbele yake kuna shimu tatu (pete za kujazia nafasi) nyembamba kama karatasi. Wa kushoto hakuna kitu!! beringi mbili na nati basi. Seti mpya niliyonunua nayo haina kibomba wala shimu. Kwenye pikapu yangu nakaza nati huku nazungusha habu (kitovu cha gurudumu) mpaka iwe nzito, nalegeza kidogo, napiga pini, maisha yanaendelea. Hapa nifanye hivyohivyo?

Roli_Sita:
Mimi nina Triumph Spitfire, haina hicho kibomba na haijawahi kuwa nacho, unakaza nati kidogo tu huku unazungusha, unairudisha nyuma pembe moja, pini, kwisha kazi. Kitupe tu mkuu, kinakupotezea muda.

Mzee_wa_Grisi:
Roli_Sita hapo umempoteza mwenzio. Spitfire ilitengenezwa bila kibomba, sawa, ila MGB imetengenezwa nacho, na Austin-Healey 3000 vilevile. Ni mifumo miwili tofauti, usichukue dawa ya huyu ukampa yule.

Kwenye MGB nati haipangi mchezo wa beringi, yaani ile nafasi ndogo ya habu kuingia na kutoka. Nati inabana beringi ya ndani, kibomba, shimu na beringi ya nje viwe kitu kimoja na ekseli, ndo maana inakazwa kwa nguvu kweli, futi-ratili (kipimo cha spana ya kupimia nguvu) 40 mpaka 70. Ukikaza hivyo bila kibomba unaziua beringi siku hiyohiyo. Mchezo unapangwa na unene wa shimu: ukiongeza shimu mchezo unaongezeka, ukipunguza unapungua. Unachotafuta ni inchi 0.002 hadi 0.004, yaani milimita 0.05 hadi 0.10, kitu ambacho kwa mkono unakisikia kwa mbali sana.

Tafuta kibomba cha upande wa kushoto kwanza, na shimu za inchi 0.003, 0.005 na 0.010. Vikombe vipya (pete za nje za beringi, zinazokaa ndani ya habu) vigonge mpaka vikae chini kabisa, utasikia sauti ya nyundo inabadilika, inakuwa ngumu kama unagonga fuawe. Kikombe kikibaki juu kidogo vipimo vyako vyote ni uongo. Na kikombe na roli zake ni ndoa, usichanganye cha zamani na roli mpya.

Halafu funga habu bila sili na bila grisi, tone la oili linatosha, kalipa ya breki iwe pembeni. Weka shimu nyingi makusudi mchezo uwepo wazi, kaza nati, weka geji ya saa (kipimo chenye mshale kama saa) kwenye habu, vuta sukuma. Tuseme imesoma 0.011 na wewe unataka 0.003, basi toa 0.008, yaani shimu moja ya 0.003 na moja ya 0.005. Kaza tena upime tena. Ukiridhika ndo unafungua, unapaka grisi, unaweka sili. Ndiyo, kufungua mara tatu nne ni kawaida, mimi kuna mara nilifungua sita nikawa naongea peke yangu.

Tundu la pini lisipolingana na nati ikiwa 40, endelea mbele kukaza, usirudi nyuma. Hiyo nafasi mpaka 70 imewekwa kwa kazi hiyo.

Pini_Mpya:
Naongezea mawili. Rimu za spoku habu yake ni ndefu, kwenye habu kuna tundu la pembeni, zungusha mpaka utaiona pini, ingiza kwa koleo la mdomo mrefu. Usirudishie pini ya zamani jamani!

Pili, ukitikisa gurudumu juu na chini likacheza, mwambie mtu akanyage breki utikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni kingpini (nguzo ambayo gurudumu linageukia ukikata kona). Wengi wanabana beringi mpaka zinaungua kumbe ugonjwa uko kwenye kingpini.

Roli_Sita:
Mzee nimekuelewa, nafuta kauli 😅 ila wa kushoto si umetembea muda wote bila kibomba na haukulia?

Mzee_wa_Grisi:
Umetembea ndiyo. Ila mchezo ukizidi disk inayumba, inazisukuma pedi nyuma, ukitoka kwenye kona ukakanyaga breki pedali inashuka nusu kabla ya kushika. Chuma_Kizee hiyo dalili hujawahi kuiona?

Chuma_Kizee:
Duh. Naiona kila siku, nimebadilisha masta silinda (pampu ya breki) mara mbili kwa ajili hiyo.

Mrejesho: kibomba nimepata cha mtumba, kulia imekaa 0.003 mara ya pili tu. Kushoto nimehangaika jioni nzima, mara 0.009 mara inabana, nikaja kugundua kikombe cha ndani hakijashuka, kulikuwa na kipande cha chuma chembamba kama kucha chini yake. Nimekitoa, sasa inasoma 0.004 naiacha hapohapo. Pedali iko juu. Ila nimefanya ile ya kukanyaga breki na kulia bado kunacheza kidogo, kwahiyo naona kingpini nayo inaniita.

Pini_Mpya:
Kabla hujafungua kingpini ipige grisi kwanza kwenye nipeli zote huku gurudumu liko hewani, halafu utikise tena.