Kuzindua programu kwenye kongamano la teknolojia: waandishi wapewe taarifa lini?

Muulizaji: Wakuu, kampuni yetu changa itakuwa na banda kwenye kongamano la teknolojia Nairobi. Tunataka kuzindua programu ya simu siku ya kwanza. Taarifa kwa vyombo vya habari tuisambaze asubuhi hiyo hiyo au mapema? Na hii embago inafanyaje kazi?

Afisa Habari: Mapema, mkuu, wiki moja hivi kabla. Asubuhi ya ufunguzi waandishi wanamkimbilia waziri na kampuni kubwa za simu. Hata CES, maonyesho makubwa ya teknolojia ya Las Vegas, hutenga siku 2 za waandishi kabla maonyesho hayajafunguliwa. Waombe waandaaji orodha ya vyombo vilivyojisajili, uchague wanaoandika habari za teknolojia.

Embago ni makubaliano ya kutochapisha habari kabla ya muda uliowekwa, na hapa ndipo wengi huharibu. Uliza kwanza: "Unakubali kutochapisha hadi Jumanne?" Akikubali kwa maandishi, ndipo umtumie. Ukimrushia taarifa nzima yenye neno EMBAGO juu bila kumuuliza, hajakuahidi chochote. Akiichapisha usiku huo huna pa kumshika. Saa nayo iandike kamili: 09:00 za Nairobi (UTC+3). Ukiandika "saa 3" tu, mhariri aliyeko London huenda akasoma 03:00, yaani saa 9 usiku.

Fundi Sauti: Naongezea. Usiambatishe mafaili mazito kwenye barua pepe. Tuma kiungo cha folda yenye taarifa ya ukurasa 1, bei, na picha 4 au 5 kubwa, kila aliyemo awe na jina na cheo. Kifungue kwanza bila kuingia kwenye akaunti yako. Mwandishi akidaiwa ruhusa jioni, anahamia habari nyingine.

Kama mna mkutano na waandishi, agizeni boksi la kugawa sauti kutoka kwenye mikseni (mashine ya kuchanganya sauti), la sivyo meza itajaa maikrofoni. Kamera iliyowekwa kupokea maikrofoni ikichomekwa kwenye sauti ya laini, yenye nguvu kuliko ya maikrofoni, sauti inapasuka. Fundi awepo nusu saa kabla, apime na kila mpiga picha.

Muulizaji: Asanteni sana. Na bahasha za waandishi?

Afisa Habari: Usitoe. Itakupatia aya mbili zilizonakiliwa kwenye taarifa yako, na mhariri makini akijua hatawagusa tena. Wapeni intaneti, soketi za umeme, na msemaji mmoja anayekaa bandani mwenye majibu ya bei, data za wateja na nani amewekeza.