Kivinjari gani kinamfaa mzee asiyeona vizuri: Chrome, Firefox au Edge?

KaskaziAmu:
Asalaam aleikum wanajamvi. Mjomba wangu, nahodha mstaafu hapa Langoni, ana mtoto wa jicho macho yote mawili na anangoja upasuaji. Habari hataki kusimuliwa, anataka kuzipata mwenyewe. Nimempa laptopu yangu ya Windows. Huisogeza mpaka kofia inagusa kioo.

Chrome: Ctrl na alama ya kujumlisha, ukurasa unakua hadi asilimia 500. Lakini kabla hujafika huko tangazo limeshafunika habari.

Firefox: F9 inafagia matangazo na picha za pembeni, yanabaki maandishi matupu kwa rangi unayotaka. Yeye kapenda herufi nyeupe juu ya nyeusi. Kwa macho, hapa nimeridhika. Kwa masikio ni msiba. Kitufe cha kusikiliza kinatumia sauti zilizomo kwenye kompyuta, na yangu haina ya Kiswahili. Ilisoma "maji ya bamvua" kama mtalii anayesoma bei ya kambamti. Mjomba akauliza, "Huyu mgeni katoka wapi?"

Edge sijaizoea. Nani anaitumia?

BintiMalindi:
Waaleikum salaam kaka. Mpe Edge. Fungua habari, bonyeza Ctrl, Shift na U, kisha kwenye orodha ya sauti mtafute Zuri au Rafiki. Hao ni wa Kiswahili cha Kenya. Rehema na Daudi ni wa Tanzania. Bibi yangu humsikiliza Zuri huku akichagua mchele. F9 ya kufagia ukurasa ipo pia.

FundiMkomani:
Dada, msimulie na la pili. Sauti hizo hutoka mtandaoni. Mtandao ukikatika, Zuri naye kanyamaza, na bando linaliwa. Mimi ningempa mzee simu ya Android, nikapakua sauti ya Kiswahili ya Google ikakaa ndani ya simu. Kisha washa ile huduma ya kugusa maandishi ukasomewa. Haijali uko kivinjari gani.

BintiMalindi:
Simu kwa mtu wa mtoto wa jicho? Hiyo aya ataigusaje asipoiona?

FundiMkomani:
Hapo umenishika.

FimboNyeupe:
Mimi sioni kabisa, ukubwa wa herufi haunihusu. Natumia NVDA, programu ya bure iliyoanzia Australia mwaka 2006. Inasoma skrini nzima, si habari tu: menyu, barua pepe, hata saa. Ndani yake mna eSpeak NG, sauti ya kompyuta inayosema Kiswahili bila mtandao. Sauti ni ya bati, kama mtu aliyeingia ndani ya pipa, lakini sikio huzoea.

Kwangu Chrome na Firefox ni mamoja. Kinachonitesa ni tovuti zenyewe. Ukurasa wa Kiswahili unatakiwa ujitaje ndani ya msimbo wake: lang="sw". Wengi hunakili kiolezo cha Kiingereza wakaacha "en", basi kisoma skrini kinageuza ulimi papo hapo na Kiswahili chote kinatoka kizungu. Juzi nilijaza fomu ya maombi ambayo vitufe vyake havina majina. Nasikia "kitufe, kitufe, kitufe". Nikabonyeza cha tatu, fomu yote ikafutika. Nusu saa ya kazi. Niambieni kivinjari gani kingeniokoa.

BintiMalindi:
Pole sana ndugu yangu. Mimi hutengeneza tovuti za nyumba za wageni huku, na hiyo "en" nimeiacha mara nyingi. Kesho naanza kuzipitia.

KaskaziAmu:
Ahsanteni. Nimemwekea Edge na Zuri. Kasema huyu si mtu wa Amu ila anamwelewa, apunguze mwendo tu. Tatizo lililobaki: jedwali la kujaa na kupwa kwa maji alilotumiwa ni picha. Edge inalipita kimya.

FimboNyeupe:
Weka NVDA, lifungue hilo jedwali, kisha bonyeza Insert na R. Windows inatambua maandishi yaliyomo kwenye picha. Maneno ya Kiswahili huweza kuvurugika, lakini jedwali la maji ni tarakimu tupu. Angalia tu mpangilio wa safu, usije ukampa saa ya kupwa ukamwambia ya kujaa.

KaskaziAmu:
Nimejaribu. Saa zimetoka sawa, ila Jumatano imesomwa kabla ya Jumanne. Mjomba ameligundua kosa kabla yangu.