Kuasili kobe wa jangwani hapa Phoenix, tuna mbwa na bwawa la kuogelea, inawezekana?

BabaZu_PHX
Habarini wakuu. Naomba ushauri wa mlioko Arizona au yeyote anayejua mambo ya kobe. Shuleni kwa wanangu walikuja watu wa wanyamapori na kobe wa jangwani, tangu siku hiyo nyumbani hamna amani, asubuhi kobe jioni kobe. Nikasikia idara ya wanyamapori ya jimbo, Arizona Game and Fish, ina programu ya kugawa kobe waliookolewa, yaani wale waliokuwa wanafugwa wakatelekezwa au wameokotwa mitaani na porini hawarudishiki tena, unaomba ukikubaliwa unapewa umlee. Ua wetu wa nyuma ni mkubwa kiasi, kuna bwawa la kuogelea halina uzio, na mbwa mmoja mpole tu. Nyumba ni ya kupanga ila mwenye nyumba hana neno. Je, kazi yake ni kubwa? Baridi ikija namuingiza ndani? Mama mkwe yeye kauliza swali moja tu, tunamfuga mpaka anenepe kiasi gani 😂

Bi_Tucson
Mwambie mama asahau, huyo haliwi, analindwa na sheria 😂😂

Sasa tuongee. Huyo kobe ukipewa si mali yako kama kuku, wewe ni mlezi. Humuuzi, humzalishi, humtoi nje ya jimbo, na ukimchoka huendi kumwachia jangwani, maana kobe wa kufugwa anaweza kupeleka ugonjwa wa mafua kwa walio porini, mafua ya kobe si ya mchezo, utamwona anatoa kamasi na mapovu puani na chakula hali. Kuwaokota porini nako kulipigwa marufuku tangu 1988. Mnapewa mmoja kwa kila mwanafamilia, na kwa ushauri wangu chukua mmoja basi, dume wawili watapigana mpaka mmoja apinduliwe chali juani afe, na jike na dume ni mayai. Tena jike anaweza kutunza mbegu za dume tumboni miaka kadhaa, kwa hiyo hata akiwa peke yake usishangae.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo ya kupanga. Watu wetu nawajua, leo Phoenix, kesho mtu kasikia kazi Texas au Ohio familia nzima ndani ya gari. Ukihama jimbo kobe unamrudisha kwenye programu. Na anaishi miaka 50 mpaka 80, wengine wanapita hapo, so huyo mnamlea nyie kisha wanenu.

Baridi usimuingize ndani ukamwashia hita. Kwenye Oktoba anaanza kukataa chakula mwenyewe, anaingia shimoni analala mpaka Machi au Aprili. Wewe mwache. Ndo maana kobe hutolewa kipindi cha joto, apate muda wa kuzoea ua na kula vizuri kabla hajalala.

fundi_wa_Mesa
Bwawa lisilo na uzio hapo hupati kobe ndugu yangu, anazama kama jiwe. Na mbwa mpole huyo huyo ndo anageuza gamba mfupa wa kutafuna, nimeshaona gamba limeliwa ukingo mzima na mwenye mbwa anaapa mbwa wake hajawahi kuuma mtu. Watenganishe, usiseme nitakuwa naangalia.

Uzio wa kobe uwe wa kitu kisichoonyesha upande wa pili, tofali ni nzuri. Wavu wa kuku hapana, akiona nje atasukuma siku nzima mpaka ajichubue. Chini ufukie kidogo, anachimba.

Kazi yenyewe sasa ni shimo lake. Wanataka kuona picha ya ua na shimo ndo maombi yaende mbele. Chimba mtaro wa mteremko, pembeni panga tofali za simenti, juu weka mbao nene, halafu rudishia udongo mwingi juu yake uwe kama kichuguu. Udongo huo ndo unamuokoa Julai joto likipita 40, ukifukia kiduchu umemjengea oveni. Ndani awe na nafasi ya kugeuka. Na usichimbe bondeni mwa ua! Mvua za monsuni zikishuka Julai, Agosti, maji yote yanakimbilia pale, kobe analala na matope. Weka sehemu iliyoinuka.

Kadogo254
Mbona mnajisumbua na fomu? Nenda duka la wanyama ununue wale wadogo wa Kiafrika, wako sawa na kiganja, hakuna maswali.

Bi_Tucson
@Kadogo254 hao ni sulkata, kwao Sahel, Senegal mpaka Sudan huko. Kiganja leo, baadaye kilo 40 na zaidi. Hawalali wakati wa baridi kwa hiyo ndo hao utawajengea banda la joto, na wanachimba mpaka ukuta wa jirani unapasuka. Vituo vya uokoaji hapa vimejaa sulkata za watu waliodanganywa na kiganja. Huyu wa jangwani akikua sana ni kama sentimita 35.

BabaZu_PHX
Duh, asanteni. Chakula je? Wanangu wameshaanza kuweka akiba ya karoti na strawberi.

Bi_Tucson
Hao watoto watamuua kwa mapenzi. Yeye ni wa majani na nyasi, ukiwa na nyasi za bermuda uani umemaliza nusu ya kazi. Mpe majani na maua ya hibiskasi, majani ya mforosadi, ya mzabibu, na mpungate ule wa kipande bapa, akila matunda yake mdomo mzima unakuwa mwekundu utadhani kapaka lipstiki. Matunda sana hapana, chakula cha mbwa hapana kabisa, na usipulizie dawa ya wadudu uani. Cheki ukuta wako kama kuna mmea wa olianda, Phoenix nzima imepandwa hiyo na ni sumu, ing'oe.

Maji weka kwenye sahani pana isiyo na kina. Na waambie watoto wasimbebebebe, kobe huyu anahifadhi maji kwenye kibofu kwa ajili ya ukame, akishtuka anayamwaga yote, na kwenye kiangazi hiyo hasara ni kubwa. Wakimshika wanawe mikono, kuna bakteria wa salmonela.

BabaZu_PHX
Nimeelewa. Basi nianze na uzio wa bwawa, mwenye nyumba nimeshamwandikia. @fundi_wa_Mesa hiyo picha ya shimo nipige kabla sijafukia au baada?

fundi_wa_Mesa
Piga zote. Na weka rula pembeni waone upana wa mlango.