Hoteli ya milimani Rungwe yawawekea watoto wetu jiko la mkaa chumbani, kisha yatutoza hela ya shuka!

Wakuu, salaam. Nina hasira, na sitajaribu kuificha.

Kuna hoteli huku kwetu, ukishapita Isyonje unateremka kuelekea Kiwira, ambayo usiku inawaingizia wageni jiko la mkaa linalowaka ndani ya chumba cha kulala, inawaambia wafunge mlango na madirisha ili joto lisitoke, halafu inawaacha walale. Msidhani ni mhudumu mmoja aliyepitiwa. Meneja mwenyewe kaniambia mbele ya mume wangu: "Mama, wageni wetu wote tunawawekea, hakuna aliyewahi kulalamika." Jina silitaji hapa kwa sababu malalamiko ya maandishi nimeshayapeleka, na sitaki wapate kisingizio cha kugeuza kesi iwe ya kuchafuliwa jina. Wa Mbeya mtaijua tu.

Sisi tunakaa Mbeya mjini. Shule zilipofungwa mwezi wa sita, mama mkwe alipanda kutoka Tanga, na wifi yangu akatoka Dar na mwanawe wa miezi minane. Mama amezaliwa pwani na kuzeekea pwani, huku hajawahi kufika. Miaka yote anasimuliwa na mwanawe kwenye simu habari za Daraja la Mungu, Ziwa Ngosi, mashamba ya chai ya Tukuyu. Tukaona tusimuweke mjini akitazama bajaji za Mwanjelwa. Tumpeleke milimani akalale huko na wajukuu zake. Wangu ni wawili, mmoja ana miaka sita, mwingine mitatu.

Kabla ya kulipa nilimpigia meneja nikamweleza kila kitu: kuna mtoto mchanga, kuna bibi mwenye presha ambaye hajazoea baridi, je, mna vyumba vya kuwafaa? Akanijibu niondoe wasiwasi kabisa. Maji ya moto muda wote, sebule ina sehemu ya kuotea moto, blanketi "mpaka mtazikataa". Akanitumia na picha ya magogo yanawaka, viti vimezunguka, mbele kuna mtungi wa chai. Vyumba vitatu, 80,000 kila kimoja kwa usiku. Nikatuma nusu kwa simu siku ileile.

Tulichokikuta ni hiki. Ile sehemu ya kuotea moto imejaa kreti za soda, na bomba la moshi limezibwa na mfuko wa saruji. Hita za maji mbovu. Ukitaka kuoga unaomba ndoo jikoni, na ndoo inakuja vuguvugu. Blanketi moja kila kitanda. Na chumba chetu cha tatu wamepewa watu wa semina, "wamelipa zote, mama". Mimi niliyetuma hela kabla yao nikaambiwa nijibanebane.

Kwa walioko Dar wanaodhani baridi ya Mbeya ni maneno ya watu: mwezi wa sita na wa saba huku si mchezo. Kule Kitulo, kwenye uwanda ulio kama mita 2,600 juu ya bahari, kuna asubuhi unaamka sakitu imetanda juu ya majani. Safu ya Uporoto tuliyolala inapakana na huko. Na baridi hiyo hiyo ndiyo wanayoiuza! Kwenye matangazo yao wanaandika "njoo ufurahie hali ya hewa ya ubaridi". Anayefanya biashara ya baridi na hana blanketi, hana maji ya moto, hana pa kuotea moto, anauza nini?

Mchana haukuwa mbaya, nisiseme uongo. Tuliwapeleka Daraja la Mungu, wakauona ule mwamba wa volkano Mto Kiwira unapopita chini yake, mama akasimama pale akimsifu Mola mpaka watoto wakaanza kumvuta khanga. Ngosi tuliiacha, kile kilima kinateleza na si cha kumpandisha bibi.

Usiku tukagawana. Mama, wifi na mchanga wakachukua chumba kimoja pamoja na wanangu wawili, maana watoto walikataa kata kata kumwachia bibi yao. Mimi na mume wangu chumba cha mbali, mwisho wa korido. Sisi tumeshalala, kijana wa hoteli akagonga kwa mama akiwa na jiko limejaa makaa mekundu. Mama akamuuliza, mwanangu, hili halina madhara? Akamjibu hapana bibi, moshi umeshaisha, na nimekuwekea beseni la maji pembeni linanyonya hewa mbaya. Funga vizuri joto lisitoke. Mama akamshukuru, akamwombea dua.

Kilichotuokoa ni kwamba mama ni mtu wa kuamka usiku kuswali. Aliamka kichwa kinampasuka, miguu haina nguvu, akajikokota ukutani hadi mlangoni akaufungua, akaanguka kwenye korido. Kelele zake ndizo zilizotuamsha. Tulipoingia, wifi anaamshwa haamki vizuri. Mwanangu mdogo ametapika akiwa usingizini. Yule mchanga tulimwinua shingo imelegea. Wakuu, mimi mtoto yule nilijua ameshakwenda.

Tuliwatoa wote nje kwenye baridi, akalia, nikamshukuru Mungu kwa kile kilio. Mume wangu akaendesha mpaka hospitali. Daktari wa zamu hakuuliza mengi, alituangalia akasema: "Mlilala na jiko la mkaa?" Yaani analijua. Wamewekewa oksijeni, wakaangaliwa hadi jioni, wakaruhusiwa. Wahudumu wale Mungu awabariki.

Sasa someni hapa vizuri, hasa wenye watoto. Mkaa ukiwaka mahali hewa haitoshi unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Makaa yakiwa mekundu safi bila moshi bado inatoka, na ndiyo hatari yenyewe kwa sababu huoni cha kukutisha. Ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni, tena inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala anazidi kuzama tu. Watoto wanapumua haraka kuliko sisi, wao wanaathirika mapema. Na habari ya beseni la maji ni uongo unaoua: gesi hii haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kumwokoa mtu. Kila msimu wa baridi tunasikia kwenye taarifa ya habari familia imekutwa imekufa chumbani na jiko pembeni. Hoteli yenye leseni haiwezi kusema haijui.

Najua watakuja wa kusema "mbona huku wote tunaota moto". Mimi ni mtu wa huku, nimekua naota moto. Bibi yangu alikuwa na jiko lake nje ya nyumba kubwa, kuta zina upenyo, paa linapitisha moshi, tunaota, tunakula viazi vya kuchoma, kisha tunakwenda kulala kwenye nyumba nyingine. Hakuna aliyelala na makaa kwenye chumba chenye dari ya jipsamu na dirisha la alumini lisilopitisha hata sisimizi.

Asubuhi iliyofuata nikarudi kwa meneja. Niliyoyapata ndiyo yaliyonileta hapa. Kwanza akasema watu wa pwani wanaogopa baridi, wangevumilia. Pili, malipo ya awali hayarudi. Tatu, na hili ndilo lililonifanya nitetemeke, akatoa daftari akaniambia nidaiwe 20,000 kwa sababu mtoto amechafua shuka na godoro. Mtoto aliyetapika kwa gesi yao! Nilipoomba risiti ya EFD ya hela yote, akanichania karatasi ya daftari na kunipigia muhuri. Ile karatasi ninayo, picha za kreti za soda ninazo, ujumbe wake wa ahadi ninao, na karatasi za hospitali ninazo.

Ninachotaka si soda za pole kwa watoto, alizojaribu kunipa. Majiko yatoke kwenye vyumba vyote leo. Lile bomba lizibuliwe watu waote moto sebuleni. Blanketi zinunuliwe, pale Soweto ya Mbeya zimejaa, na ile mipira ya kujaza maji ya moto ya kulala nayo si ghali. Hela ya vyumba na ya hospitali irudi. Nimeandika kwa halmashauri na kwa Zimamoto, na nakala nimepeleka Tume ya Ushindani, FCC. Kama kuna mtu amewahi kufuatilia jambo la namna hii hadi mwisho, anieleze alianzia ofisi gani na alichukua hatua gani alipozungushwa.

Na wewe unayepanga kuleta wageni Tukuyu, Kitulo au Njombe kati ya mwezi wa sita na wa nane, uliza swali moja kabla hujatuma hela: usiku mnapasha chumba joto kwa kutumia nini? Wakitaja mkaa, tafuta kwingine. Mkikuta mtu ameshalala na jiko, mtoeni nje kwanza apate hewa, ndipo mpige 114 kwa Zimamoto au mkimbilie hospitali.

NYONGEZA: Meneja amempigia mume wangu jioni hii. Anasema yuko tayari kurudisha hela ya chumba kimoja kama nitaufuta uzi huu. Tumemuuliza kuhusu majiko, akasema hilo litajadiliwa msimu wa baridi ukiisha. Usiku huu kuna watu wamelala pale. Tafadhali, mwenye ndugu aliyefikia hoteli maeneo hayo ampigie simu sasa hivi.